Mtoto Mwenye Ndevu

Kinyozi mwenye ndevu mbovu afunge duka akauze mkaa. Watu wa mtaa ule walilijua hilo, ndiyo maana walimpenda Ndevu. Jina lake la shuleni hakuna aliyelijali. Alikuwa Ndevu, basi, kwa sababu ya zile ndevu zake nyeusi, nene, zilizonyooshwa pembeni kwa wembe, alizozitunza kwa mafuta na kitana kuliko wengine wanavyotunza ndoa zao. Bango hakuwa nalo na hakulihitaji. Asubuhi alisimama mlangoni akajipapasa kidevu, na kila mwanamume aliyepita akajiona mchafu, akaingia.

Umri wake ulikuwa miaka ishirini na mitatu. Alikuwa na mke, binti aliyeanza kutambaa, kitambi kilichotangulia kuja kabla ya utajiri, na duka la chumba kimoja lenye kiti cha kuzunguka kisichozunguka. Ungemwona pale akikung'uta taulo ungesema mtu huyu na utoto waliagana zamani. Ungekosea, na usione haya, maana hata mwenyewe alidhani hivyo.

Kila Jumamosi asubuhi aliingia Mstaafu. Mzee huyu alikuwa msoma mita za maji. Ujana wake wote aliutembea mji kwa miguu, mlango kwa mlango, akifukuzwa na mbwa na kutukanwa na wenye mbwa. Siku alipolipwa kiinua mgongo chake alinunua pikipiki nyekundu, mpya kabisa, akaapa kwamba miguu yake imestaafu pamoja naye. Pikipiki haikumaliza mwezi. Kijana mmoja aliichukua mbele ya duka, ufunguo unaning'inia, Mstaafu yuko ndani ananunua sabuni.

Hadithi hiyo aliisimulia kila Jumamosi, kichwa amekilaza nyuma, povu limemfika masikioni. Alianza na sabuni, akaja kwenye mlio wa pikipiki, akakimbia tena barabara nzima na ndala moja, akamwona tena yule mwanaharamu akigeuka nyuma kumtazama na kucheka, mpaka akafika kwenye mtaro wa maji machafu ambamo pikipiki ilizama ukabaki usukani tu. Alipofika mtaroni alinyamaza kidogo, na hapo Ndevu, wembe umetulia juu ya koromeo la mzee, alisema kwa sauti ya chini: "Pole sana, mzee wangu." Kisha Mstaafu aliendelea na mambo atakayomfanyia kijana huyo siku akimtia mkononi. Mambo hayo yaliongezeka kila wiki, na mengine hayasemeki mbele za watu.

Wewe si mjinga, umeshajua. Yule kijana alikuwa Ndevu.

Wakati ule alikuwa na miaka kumi na sita mwilini na sita kichwani. Hakutaka kuiba, alitaka raundi moja tu ya kuzunguka uwanja, wasichana waliokuwa wakicheza netiboli wamwone. Kuwasha alijua, kusimamisha hakujua. Polisi walimtoa mtaroni wakamweka ndani, mama yake akamdhamini, na kabla siku ya kesi haijafika mama huyohuyo akampakia kwenye basi la alfajiri kwenda kwa mjomba wake, mji wa mbali. Mama huyo alikuwa mfua mashuka wa hospitali, mwanamke wa kukamua shuka zito kwa mkono mmoja, na akishaamua jambo hakuna rufaa. Kwa mjomba ndiko kijana alikojifunza kunyoa, na ndiko alikoota ndevu. Aliporudi akafungua duka ng'ambo ya soko, mbali na mtaa wao wa zamani, na faili lake huko polisi likaendelea kulala.

Asilolijua ni kwamba Mstaafu naye alikuwa amehamia ng'ambo ya soko, kwa binti yake. Siku mzee alipoingia dukani mara ya kwanza, Ndevu alitafuta dirisha la kurukia, ila duka halikuwa na dirisha. Mzee akamtazama, akaona ndevu, akakaa kitini. Ndevu akajiambia atakiri wiki ijayo. Wiki ijayo nayo ikawa na wiki ijayo yake, na miaka mitatu ikapita hivyo. Ubaya zaidi, alimpenda yule mzee. Baba yake mwenyewe hakuwahi kumwona, na Mstaafu ndiye aliyemfundisha jinsi ya kumbeba mtoto mchanga bila kumshika kama tikiti. Jumamosi mzee akichelewa, Ndevu alitoka nje kuchungulia barabara, kisha akajilaani kwa kuchungulia.

Yaliyomwibua yanachekesha, ili mradi yasiwe yako. Mwizi alimwibia mashine ya kunyolea, na Ndevu, kwa hasira za mwenye mali, akaenda mbio polisi kushtaki. Akatoa jina lake kamili kwa sauti, akataka hatua kali zichukuliwe, akasema wezi ndio wanaoiharibu jamii. Sajenti wa kaunta alikuwa mtu mzima mwenye kumbukumbu. Akaacha kuandika, akamtazama sana, akauliza kama mama yake si yule mfua mashuka wa hospitali. Ndevu akasema ndiye, akidhani amepata mwenyeji. Sajenti akamwomba asiondoke. Mashine haijapatikana mpaka leo.

Alipewa dhamana, akaambiwa kesi yake itasikilizwa mahakama ya watoto. Alidhani anadhihakiwa. Lakini afisa ustawi wa jamii, dada mmoja mpole aliyelingana naye umri, alikuja dukani kumweleza. Sheria, alisema, haiangalii umri wa mtu siku anaposimama mbele ya hakimu, inaangalia umri wake siku alipokosa. Aliyekosa akiwa na miaka kumi na sita ni mtoto kwa kesi ile, hata akija na mvi. Ndevu akafurahi. Afisa akamwambia asifurahi haraka. Mwendesha mashtaka ameshasema ataomba kesi ihamishiwe mahakama ya wakubwa, na huko ni jela. Na hata ikibaki kwa watoto, huyu ni mtu aliyewahi kutoroka. Hakimu anaweza kumrudisha nyumbani, anaweza pia kumfungia, na kabla ya kuamua atamsikiliza mwenye pikipiki. Kwa hiyo, alimaliza afisa, usalama wako uko mdomoni mwa yule mzee. Mke wa Ndevu, aliyekuwa benchini na mtoto, aliuliza maneno hayo yarudiwe, yakarudiwa, na hayakuwa mazuri zaidi mara ya pili.

Jumamosi Mstaafu aliingia akiimba. Hakuwa mtu wa kuimba. "Wamempata, fundi," alisema, akajitupa kitini kwa furaha. Jina aliloitwa nalo mshtakiwa lilikuwa lile la shuleni, na mzee hakuwa na habari kwamba mwenye jina anamfunga taulo shingoni. Aliomba anyolewe kuliko siku zote, maana mbwa yule lazima amwone akiwa msafi. Ndevu alimpaka povu shavu lilelile mara tatu, mpaka mzee akamuuliza kama amelala. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Ndevu akafungua mdomo, mzee akafika mtaroni, na kilichotoka kikawa kilekile cha kila siku, pole sana, mzee wangu. Akamkata kidogo chini ya sikio. Mzee akasema si neno, hata fundi huchoka, na akaahidi kwamba mbwa yule akishafungwa atakuja kumsimulia Ndevu kabla ya mtu mwingine yeyote.

Jioni yake mama akaja na uamuzi. Kesi ya mtoto inataka mtoto, alisema, na hakimu gani atakubali mtoto mwenye ndevu za babu? Nyoa. Ndevu akamkumbusha alivyosema afisa, kwamba kinachohesabiwa ni umri wa siku ile, si sura ya leo. Mama akajibu kwamba afisa hajazaa. Kwa kawaida Ndevu angepigania ndevu zake mpaka tone la mwisho, lakini safari hii naye alikuwa na hesabu zake. Mstaafu anamjua kinyozi mwenye ndevu, kidevu chake hajawahi kukiona. Akinyoa, mzee atamwona mshtakiwa tu, kinyozi wake hatamwona. Akinusurika atafunga duka kidogo, atasingizia safari, ndevu zitaota, na Jumamosi zitaendelea kama zamani. Mtu mwenye hofu ni mjinga wa kukodi. Hakuwaza hata kidogo kwamba chini ya ndevu zile kulikuwa na uso wa miaka kumi na sita, ule uleule uliogeuka nyuma ukacheka.

Wahenga walishasema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Ndevu alijinyoa, na akajikata kidevuni na shavuni kote. Binti yake alipomwona alipiga ukelele akatambaa mbio hadi magotini mwa mama yake. Mke alijikaza, akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha katikati ya kicheko akaanza kulia, akamwambia asithubutu kumwachia mtoto huyu peke yake, kwa sababu hataweza na hataki kuweza.

Siku ya kesi, askari wa mlangoni alimzuia. Alimweleza kwa adabu kwamba hii ni mahakama ya watoto, mzazi anaingia na mtoto wake, basi amlete mtoto.

"Mtoto ni mimi," alisema Ndevu.

Askari akakitazama kitambi, akamtazama mama mtu, na mama akatikisa kichwa kukubali kwamba ndiye, amemzaa mwenyewe. Mke akabaki nje na mtoto, maana huko ndani haingii kila mtu.

Chumba hakikuwa na kizimba. Kulikuwa na meza ya duara, viti vifupi vya plastiki, na ukutani twiga aliyechorwa akitabasamu. Ndevu alipokaa magoti yalimfika kifuani. Hakimu, mama wa makamo asiyevaa joho, alimsalimu taratibu, akamuuliza kama anaelewa kwa nini yuko hapa na kama angependa maji ya kunywa. Utaratibu wa mahakama ile ni kwamba jina la mshtakiwa halitajwi, anaitwa mtoto tu. Karani akasema mtoto asogee mezani. Afisa ustawi akasema mtoto yuko tayari. Mama akamwambia mtoto akae wima.

Mstaafu alikuwa upande wa pili wa meza, shati jeupe, kidevu kinang'aa kwa kazi ya Ndevu mwenyewe. Alipoinua macho alishika meza kwa mikono miwili.

"Ndiye," alisema. "Sura ileile. Hata kukua hajakua."

Basi mwendesha mashtaka akasimama. Alikuwa kijana mwenye suti na hotuba, na hotuba yake yote, maskini, aliijenga juu ya maelezo ya polisi. Akasema sheria ya watoto imewekwa kwa ajili ya watoto, na hapa hatuna mtoto, tuna mwanamume kamili, baba wa familia. Akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, mahakama yako ijionee yenyewe hizo ndevu." Kisha akageuka kuzionyesha. Karani aliinama kutafuta kitu chini ya meza, akakaa hukohuko. Mwendesha mashtaka akasema kwa sauti iliyopungua kwamba ndevu zilikuwepo wakati wa dhamana. Mama akasema mwanawe hajawahi kuwa na ndevu tangu azaliwe, na afisa ustawi akamkanyaga mguu.

Hakimu alisema hata kama angekuja na ndevu za kufagilia sakafu, haingebadili kitu. "Aliyechukua pikipiki alikuwa mtoto," alisema. "Kesi ya mtoto yule inasikilizwa hapa. Kukua kwake baadaye si kosa." Mwendesha mashtaka akakaa, na kiti kile kifupi kikamfanya naye magoti yamfike kifuani. Mama akamgeukia mwanawe na jicho la nilikwambia, na hakuna mtu mpaka leo aliyefaulu kumshawishi kwamba si wembe ulioshinda.

Ndevu akakiri kosa bila kuzungukazunguka. Sasa likabaki lile lenyewe, arudi nyumbani au aingie ndani, na hakimu akamwomba Mstaafu aeleze yaliyompata na anachotaka kifanyike.

Mstaafu akaanza na sabuni. Ndevu aliinamisha kichwa, maana hadithi ile aliijua kituo kwa kituo. Ukaja mlio wa pikipiki, ikaja ndala moja, kikaja kicheko. Huku hakukuwa na povu wala taulo, na maneno yaleyale yalimwingia kama hajawahi kuyasikia. Kumbe mzee alikimbia kweli. Kumbe alianguka. Dukani hakuwahi kusema kwamba alianguka. Mzee akafika mtaroni, akanyamaza kidogo kama ilivyo kawaida yake.

"Pole sana, mzee wangu," alisema Ndevu.

Hakukusudia. Mdomo ulijisemea kwa mazoea. Mstaafu akageuza shingo polepole, na hakumtazama usoni, alimtazama mikono, vile vidole virefu na kovu la wembe kwenye gumba. Akajigusa chini ya sikio, palipokatwa Jumamosi. Akamwambia arudie alichosema. Ndevu akarudia.

"Fundi?"

"Ndiyo, mzee."

Mstaafu alisimama. Alisahau hakimu, akasahau twiga, akasahau alikuja kufanya nini. "Miaka mitatu nakupa shingo yangu," alisema. "Nakutukana wewe mwenyewe, masikioni mwako, na wewe unanipa pole?" Alikuwa na hasira ya mtu aliyeibiwa mara mbili, na ile ya pili ilimuuma zaidi. Ndevu alilia, kitambi na vyote, kwenye kiti cha plastiki. Alisema kila wiki alitaka kusema na kila wiki aliogopa. Hakimu akamuuliza kama aliogopa polisi. Akasema polisi aliwaogopa pia, lakini aliogopa zaidi kwamba mzee hatakuja tena.

Mwendesha mashtaka aliona mlango umefunguka, akaingia nao. Mahakama imesikia yenyewe, alisema. Huyu alimtoroka mlalamikaji, akaja kumdanganya miaka mitatu mfululizo, hadi leo amekuja amejibadilisha sura. Mtu wa namna hii hajabadilika, afungwe. Na safari hii maneno yake yalikuwa na uzito. Afisa ustawi aliacha kuandika. Nje ya mlango mtoto wa Ndevu alikuwa akilia, na kila mtu mle chumbani alimsikia, Mstaafu naye.

"Baba," hakimu alimwuliza mzee, "wewe ndiye unayemjua. Huyu amebadilika au hajabadilika?"

Mzee aligeukia mlango, kule mtoto alikokuwa akilia. Ndevu hakuthubutu kuinua uso.

"Mheshimiwa," alisema mwishowe, "kila Jumamosi nilimweleza nitakavyomvunja mbavu. Nilimweleza hayo yeye akiwa ameshika wembe, na wembe uko hapa." Akajigusa koromeo. "Mtu mbaya angekuwa ameshaimaliza kesi hii zamani."

Hakimu alikohoa kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Mzee akaendelea kusema kwamba hasira anayo na atakaa nayo mpaka imwishe yenyewe, hiyo ni haki yake na asiombwe kuiacha. Lakini kumfunga, hapana. Asifungwe.

Amri ikatoka. Mtoto atakaa chini ya uangalizi wa mama yake mzazi kwa mwaka mzima. Hatatoka mjini bila ruhusa ya mama, atakuwa nyumbani kabla ya giza, na afisa ustawi atapita kuulizia tabia yake. Mama alisikiliza kama anayesomewa mirathi. Akauliza kama mkwe naye yumo ndani ya amri hiyo. Akajibiwa kwamba ni mtoto peke yake. Akasema haidhuru, itatosha, na akaanza kazi palepale kwa kumwamuru afute kamasi.

Nje, mke alimwona anatoka bila askari, akakaa kwenye ngazi na mtoto wake. Ndevu alitaka kumkimbilia, lakini mama alimshika shati. Mstaafu alikuwa ameshateremka ngazi peke yake, anakwenda zake upesi, hageuki. Mama akasema mfuate, mvushe barabara, na hiyo ni amri ya mahakama.

Ndevu alimkuta ukingoni mwa barabara, akasimama kando yake. Magari yalipita. Ikapita pikipiki, na mzee akaifuata kwa macho mpaka ilipopotea.

"Hebu niambie," alisema, bado anatazama kule ilikopotelea. "Gia ya nne uliingiza?"

Ndevu alifikiria kusema uongo, akaona uongo umemchosha. "Niliingiza, mzee. Pale kwenye mteremko wa uwanjani. Ilitulia kabisa, nikaona kama haigusi chini."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Akasema kwamba yeye, siku zile zote alizokuwa nayo, hakuwahi kuvuka ya pili. Alikuwa akiogopa kuanguka watu wakamcheka, na hilo hajawahi kumwambia mtu, hata binti yake.

"Kwa hiyo anayeijua ya nne ni wewe tu," alisema. "Jumamosi utanisimulia."

Kisha akampa mkono, wakavuka.